Kihesabio kilichogawanywa

Kihesabio kilichogawanywa ni mbinu ya kuhesabu matukio ndani ya kerneli ya mfumo wa uendeshaji kwenye kompyuta yenye prosesa nyingi. Badala ya kuwa na namba moja inayobadilishwa na prosesa zote, kila prosesa hupewa namba yake na huongeza au kupunguza hiyo peke yake. Jumla hupatikana kwa kujumlisha namba hizo pale inapohitajika. Lengo ni kuondoa msongamano unaotokea prosesa nyingi zinapogombania sehemu moja ya kumbukumbu kwa wakati mmoja.

Mbinu hii hutumika katika kerneli za Linux na FreeBSD, na imefanyiwa utafiti katika mifumo ya majaribio kama Tornado, K42 na sv6. Ina bei yake: kuandika huwa rahisi, lakini kusoma jumla huwa ghali zaidi au hutoa jibu la makadirio. Kwa sababu hiyo hakuna kihesabio kimoja kinachofaa kila kazi. Uchaguzi hutegemea swali ambalo namba hiyo inatakiwa kujibu.

Katika makala hii neno "prosesa" linajumlisha pia kila kiini ndani ya chipu yenye viini vingi, kwa kuwa kerneli hukihesabu kila kiini kama prosesa inayojitegemea.

## Kazi ya vihesabio katika kerneli

Kerneli ni sehemu ya ndani ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia kumbukumbu, michakato, faili na vifaa. Ili kufanya kazi hiyo huhesabu mambo mengi sana: pakiti zilizopokelewa na kadi ya mtandao, kurasa za kumbukumbu zilizo wazi, bloku za diski ambazo hazijatumika, vikatizo vilivyotoka kwa kila kifaa, na idadi ya michakato inayotumia faili fulani.

Sehemu ya vihesabio hivyo huonekana kwa mtumiaji. Katika Linux faili la `/proc/interrupts` huonyesha idadi ya vikatizo kwa kila kifaa, na lina safu moja kwa kila prosesa. Faili la `/proc/stat` nalo huonyesha muda uliotumiwa na kila prosesa katika mistari ya `cpu0`, `cpu1` na kuendelea. Mpangilio huo unafuata jinsi namba zenyewe zinavyotunzwa ndani ya kerneli: kila prosesa ina daftari lake.

Vihesabio vingi hubadilishwa mara nyingi mno kuliko vinavyosomwa. Seva yenye shughuli inaweza kupokea mamia ya maelfu ya pakiti kwa sekunde, huku msimamizi wake akisoma takwimu za mtandao mara moja tu kwa dakika. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mbinu ya kugawanya.

## Chanzo cha tatizo

### Kuongeza moja si hatua moja

Kwa mwandishi wa programu, kuongeza moja kwenye namba huonekana kuwa tendo dogo kuliko yote. Kwa prosesa ni hatua tatu: kusoma namba kutoka kwenye kumbukumbu, kuongeza moja, na kuandika jibu. Tuseme kihesabio kina 100. Prosesa A inasoma 100. Kabla haijaandika, prosesa B nayo inasoma 100. Zote mbili zinaandika 101. Matukio mawili yametokea, lakini kihesabio kimeongezeka kwa moja tu.

Kuna njia mbili za kawaida za kuzuia kosa hilo. Ya kwanza ni kufuli: prosesa moja hufunga, hubadilisha namba na kufungua, huku nyingine zikisubiri. Ya pili ni operesheni ya atomiki, yaani agizo la prosesa ambalo hatua zake tatu haziwezi kuingiliwa katikati. Prosesa za x86 hufanya hivyo kwa kuweka kiambishi cha LOCK mbele ya agizo la kuongeza. Prosesa za ARM za biti 64 hutumia jozi ya maagizo ya LDXR na STXR au, kuanzia toleo la ARMv8.1, agizo moja la LDADD.

Njia zote mbili hutoa jibu sahihi, lakini hakuna hata moja inayoondoa ugomvi wenyewe.

### Safari za mstari wa kache

Kila prosesa ya kisasa ina kache, yaani kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyo karibu nayo. Data huingia ndani ya kache kwa vipande vinavyoitwa mistari ya kache. Katika prosesa za x86 za kisasa kila mstari una baiti 64.

Nakala ya data ileile ikiwa katika kache kadhaa, lazima kuwe na kanuni ya kuzuia prosesa moja isisome namba iliyopitwa na wakati. Kanuni inayojulikana zaidi ni MESI, iliyoelezwa mwaka 1984 na Mark Papamarcos na Janak Patel wa Chuo Kikuu cha Illinois. Jina lake linatokana na hali nne za mstari: uliobadilishwa, unaomilikiwa na kache moja, unaoshirikiwa, na uliobatilishwa. Chini ya kanuni hii prosesa nyingi zinaweza kusoma mstari mmoja kwa pamoja bila usumbufu. Lakini inayotaka kuandika lazima kwanza iwe mmiliki wa pekee, na nakala zote za wengine zibatilishwe.

Matokeo yake ni kwamba kihesabio kimoja kinachoandikwa na prosesa zote hakikai mahali pamoja. Mstari wake huhama kutoka kache moja hadi nyingine kila mara. Kuandika kwenye kache ya karibu huchukua mizunguko michache ya saa ya prosesa, lakini kuleta mstari uliobadilishwa na prosesa iliyo kwenye soketi nyingine huweza kuchukua mamia ya mizunguko. Wakati mstari uko safarini, prosesa nyingine zinazoutaka husubiri zamu.

Hapo ndipo hasara inapoanza kukua. Operesheni kwenye mstari mmoja hufuatana moja baada ya nyingine hata kama prosesa ni 4, 48 au 200. Kuongeza prosesa hakuongezi kazi inayofanyika kwenye kihesabio, bali huongeza foleni. Ni kama duka lenye wauzaji kumi na daftari moja la mauzo: anayeongezwa wa kumi na moja haharakishi mauzo ikiwa kila mmoja lazima alisubiri daftari kabla ya kumhudumia mteja anayefuata.

### Kushirikiana kusikokusudiwa

Tatizo hilohilo linaweza kutokea hata pale ambapo kila prosesa ina namba yake. Vihesabio viwili vya baiti 8 vikiwekwa jirani kwenye kumbukumbu, vitaangukia ndani ya mstari mmoja wa baiti 64. Prosesa A ikiandika cha kwanza na prosesa B cha pili, mstari utaendelea kuhamahama kana kwamba ni kihesabio kimoja, kwa kuwa kanuni ya kache huangalia mistari na si namba zilizomo. Kwa hiyo orodha ya kawaida yenye namba moja kwa kila prosesa haitoshi. Namba za prosesa tofauti lazima ziwe katika mistari tofauti.

## Wazo la kugawanya

Suluhisho ni kuipa kila prosesa nakala yake katika eneo la kumbukumbu ambalo ni yake peke yake. Mstari wa kache wa nakala hiyo hubaki katika kache ya prosesa hiyo karibu wakati wote. Hakuna safari, hakuna foleni, na mara nyingi hakuna haja ya operesheni ya atomiki.

Nakala moja ikiangaliwa peke yake inaweza isiwe na maana. Kumbukumbu ikitengwa na prosesa A kisha ikaachiliwa na prosesa B, nakala ya A itaonyesha +1 na ya B −1. Kinachoheshimika ni jumla.

Msingi wa nadharia ya jambo hili uliwekwa wazi mwaka 2013 na Austin Clements, Frans Kaashoek, Nickolai Zeldovich, Robert Morris na Eddie Kohler katika kanuni ya ubadilishanaji. Kanuni hiyo husema kwamba operesheni ambazo mpangilio wake hauwezi kutambuliwa kupitia majibu yake zinaweza kutekelezwa bila prosesa kugombania kumbukumbu. Operesheni ya "ongeza moja" ni ya aina hiyo, kwa kuwa yeyote akitangulia matokeo ni yaleyale. Operesheni ya "ongeza moja na unijulishe namba mpya" si ya aina hiyo, kwa sababu jibu humwonyesha kila mmoja nafasi yake kwenye foleni. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha msimbo, mbunifu huuliza kwanza kama kweli kuna anayehitaji jibu hilo.

## Aina kulingana na swali linaloulizwa

| Aina | Swali | Mfano | Madhara ya kukosea |
|---|---|---|---|
| Cha takwimu | Matukio ni mangapi kwa jumla? | Pakiti zilizopokelewa | Ripoti yenye tofauti ndogo |
| Cha kikomo | Je, bado kuna nafasi? | Bloku huru za diski | Kuahidi nafasi isiyokuwepo |
| Cha marejeo | Je, bado kuna anayekitumia? | Watumiaji wa faili au njia ya mtandao | Kumbukumbu kuachiliwa ikiwa bado inatumika |

### Vihesabio vya takwimu

Hii ndiyo aina rahisi kuliko zote. Kila prosesa huongeza nakala yake, na msomaji hupita nakala zote akijumlisha. Wakati anajumlisha, namba zinaendelea kubadilika, kwa hiyo jibu si picha ya sekunde moja kamili. Hata hivyo, kwa kihesabio kinachoongezeka tu, jibu haliwezi kuwa dogo kuliko jumla ya wakati wa kuanza kusoma, wala kubwa kuliko jumla ya wakati wa kumaliza. Kwa takwimu za mtandao hilo linatosha kabisa.

Kwenye prosesa za biti 32 kuna tahadhari moja zaidi. Namba ya biti 64 huandikwa kwa vipande viwili, na msomaji anaweza kukuta nusu mpya na nusu ya zamani. Linux ina utaratibu uitwao `u64_stats_sync` ambao humwezesha msomaji kutambua hali hiyo na kusoma upya.

### Vihesabio vya kikomo

Mfumo wa faili lazima ujue kama kuna bloku huru kabla ya kukubali kuandika. Kupita nakala zote kila mara kungerudisha gharama ileile iliyokuwa ikikimbiwa. Linux hutumia `percpu_counter`, muundo wenye namba moja ya pamoja na namba ndogo kwa kila prosesa. Prosesa hubadilisha namba yake ndogo hadi ifikie kiwango kinachoitwa fungu. Hapo huchukua kufuli, humwaga fungu lote katika namba ya pamoja na kuanza tena kutoka sifuri.

Tuchukue mfano wa prosesa 4 na fungu la 32. Namba ya pamoja ni 1000, na namba ndogo ni +5, −3, +31 na 0. Usomaji wa haraka hutazama namba ya pamoja tu na kujibu 1000. Usomaji kamili hujumlisha zote na kujibu 1033. Prosesa ya tatu ikiongeza moja, namba yake hufika 32 na kumwagwa: namba ya pamoja huwa 1032, yake huwa 0, na jumla kamili huwa 1034.

Katika hali ya utulivu, kosa la usomaji wa haraka lina mpaka unaojulikana. Kila prosesa inaweza kushikilia si zaidi ya 31, kwa hiyo katika mfano huu kosa haliwezi kuzidi 124. Katika Linux fungu la kawaida ni namba iliyo kubwa kati ya 32 na mara mbili ya idadi ya prosesa. Kwa prosesa 64 fungu ni 128, na kosa linaweza kufika 8,128.

Mpaka huo hutumika kwa busara. Ikiwa diski ina mamilioni ya bloku huru na mtumiaji anahitaji kumi, kosa la elfu nane halibadilishi jibu. Likiwa limebaki eneo dogo, lazima hesabu kamili ifanywe. Kazi ya `percpu_counter_compare` hufanya hivyo yenyewe: hulinganisha kwa haraka kwanza, na hujumlisha kwa ukamilifu pale tu namba iko karibu mno na kikomo. Mfumo wa faili wa ext4 hufuata mantiki hiyo inapokagua nafasi iliyobaki. Kwa namna hiyo gharama kubwa hulipwa diski inapokaribia kujaa, si kila faili linapoandikwa.

### Vihesabio vya marejeo

Aina hii ndiyo ngumu na yenye hatari zaidi. Kila kitu ndani ya kerneli, kama faili lililofunguliwa, huwa na kihesabio kinachoonyesha wanaokitumia ni wangapi. Kikifika sifuri, kumbukumbu yake huachiliwa na kupewa kazi nyingine. Tatizo ni kwamba nakala zikigawanywa, hakuna prosesa inayoiona sifuri hiyo.

Kujumlisha tu hakutoshi. Tuseme kitu kina mtumiaji mmoja aliyesajiliwa kwenye prosesa B, yaani A = 0 na B = 1. Msomaji anasoma A na kupata 0. Kabla hajafika B, mtumiaji wa pili anajisajili kwenye A, kisha wa kwanza anajiondoa kwenye B. Msomaji anasoma B na kupata 0. Jumla yake ni sifuri, ingawa hakuna wakati wowote ambapo kitu hicho kilikosa mtumiaji. Kerneli ikiamini hesabu hiyo itaachilia kumbukumbu ambayo bado inatumika. Makosa ya aina hiyo huweza kusimamisha kompyuta nzima, na mara nyingi yamekuwa mlango wa wavamizi kupata mamlaka ya kerneli.

Njia kadhaa zimebuniwa ili kugawanya bila kuingia katika hatari hiyo:

* Vihesabio legevu vilielezwa mwaka 2010 na watafiti wa MIT. Kuna kihesabio kikuu, na kila prosesa hutunza akiba ya marejeo yasiyotumika. Anayetaka rejeo huchukua kutoka kwenye akiba ya prosesa yake, na akimaliza hulirudisha hapo. Akiba ikiisha au ikizidi ndipo kihesabio kikuu huguswa. Kihesabio kikuu daima ni sawa na marejeo yanayotumika pamoja na akiba zote, kwa hiyo hakiwezi kuonyesha pungufu ya hali halisi.
* percpu_ref iliandikwa na Kent Overstreet na kuingizwa katika Linux mwaka 2013. Hutumia ukweli kwamba vitu vingi huwa na mwenye navyo. Maadamu mwenyewe hajaachia rejeo lake la kwanza, hesabu haiwezi kufika sifuri, na hakuna haja ya kuichunguza. Siku ya kukifunga kitu hicho, mwenyewe hutangaza kwamba kinafungwa. Kerneli husubiri kwa mbinu ya RCU mpaka iwe na hakika kwamba hakuna prosesa inayogusa nakala za zamani, hujumlisha nakala zote katika namba moja ya atomiki, na kuendelea kwa njia ya kawaida mpaka sifuri.
* Refcache ilitolewa mwaka 2013 pamoja na mfumo wa kumbukumbu wa RadixVM. Kila prosesa hukusanya mabadiliko yake na kuyamwaga kila baada ya kipindi. Hesabu kuu ikifika sifuri, kitu hakiachiliwi papo hapo, bali husubiriwa kuona kama hesabu imebaki sifuri kwa kipindi kizima.
* SNZI ilitolewa mwaka 2007 na Faith Ellen, Yossi Lev, Victor Luchangco na Mark Moir. Haitoi idadi kabisa, bali hujibu swali moja tu: je, ni sifuri au si sifuri? Hutumia mti ambao tawi humjulisha mzazi wake pale tu linapotoka sifuri au kurudi sifuri, kwa hiyo mabadiliko mengi huishia kwenye matawi ya chini.

## Historia

Wakati kompyuta zenye prosesa nyingi zilipokuwa chache, kerneli nyingi zilianza kwa kufuli moja kubwa. Linux ilipata uwezo wa kutumia prosesa nyingi katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, ikiwa na kufuli moja lililolinda karibu kerneli yote. Katika hali hiyo vihesabio havikuwa tatizo linaloonekana, kwa kuwa foleni ilikuwa kwenye kufuli lenyewe. Kadiri kufuli hilo lilivyogawanywa katika makufuli madogo, mpaka mabaki yake yakaondolewa mwaka 2011, vihesabio vilivyokuwa vimejificha nyuma yake vilijitokeza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walilitambua suala hili mapema. Kerneli yao ya Tornado, iliyoelezwa mwaka 1999, ilikuwa na vitu vilivyogawanywa kwa prosesa: kwa anayekitumia kinaonekana ni kitu kimoja, lakini ndani kila prosesa ina mwakilishi wake. Wazo hilo liliendelezwa katika K42 ya kampuni ya IBM.

Katika Linux, takwimu za kumbukumbu ziligawanywa kwa namna hii na Christoph Lameter mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18. Kila prosesa hutunza tofauti ndogo katika namba ya baiti moja, na huimwaga ikifika kiwango fulani kisichozidi 125. Zaidi ya hapo kuna kazi ya nyuma ambayo kwa kawaida hupita kila sekunde moja kumwaga yaliyobaki.

Mwaka 2010 kundi la MIT lilichapisha uchunguzi wa Linux kwenye mashine yenye viini 48. Walipima programu saba, zikiwemo seva ya barua pepe ya Exim, memcached, Apache na PostgreSQL. Zote isipokuwa gmake zilikwama mahali fulani ndani ya kerneli. Baadhi ya vikwazo vilikuwa vihesabio vya marejeo. Kwa memcached, kwa mfano, pakiti zinazokwenda kwenye mashine ileile zilitumia rekodi moja ya njia ya mtandao, na kila pakiti iliongeza na kupunguza kihesabio chake. Marekebisho yote, yakiwemo vihesabio legevu, yalihitaji kubadilisha mistari ya msimbo ipatayo 3,000. Hitimisho lao lilikuwa kwamba muundo wa jadi wa kerneli hauhitaji kutupwa, bali sehemu chache zinazogombaniwa zinahitaji kurekebishwa.

Mwaka uliofuata toleo la 2.6.38 la Linux lilileta kazi ya Nick Piggin ya kutafuta majina ya faili. Kihesabio cha mifumo ya faili iliyopachikwa kiligawanywa kwa prosesa, na utafutaji wa kawaida ukaacha kugusa vihesabio vya saraka njiani kwa kutumia RCU. Hilo lilionyesha njia nyingine: wakati mwingine kihesabio bora ni kile kisichoguswa kabisa.

## Utekelezaji

Kerneli hutenga eneo maalumu la kumbukumbu kwa kila prosesa, na rejista moja hushikilia mwanzo wa eneo hilo. Katika Linux kwenye x86 ya biti 64 ni rejista ya sehemu ya GS. Kazi ya `this_cpu_inc` hugeuka kuwa agizo moja la kuongeza linalohesabu anwani kutoka kwenye rejista hiyo, bila kiambishi cha LOCK. Kwa kuwa ni agizo moja, kikatizo hakiwezi kuingia katikati yake, wala mchakato hauwezi kuhamishiwa prosesa nyingine kabla halijakamilika.

Suala hilo la kuhamishwa ni la msingi. Mchakato ukisoma nakala ya prosesa A, ukahamishiwa B, kisha ukaandika kwenye nakala ya A, kosa la prosesa mbili kusoma 100 linarudi. Kwenye usanifu usio na agizo linalofaa, kerneli huzuia kwa muda mfupi vikatizo au uhamishaji wa mchakato.

FreeBSD ilipata vihesabio vyake vya kila prosesa, viitwavyo `counter(9)`, katika toleo la 10.0 la mwaka 2014. Hutoa kazi za kutenga, kuongeza na kusoma namba za biti 64, na kwenye amd64 kuongeza nako ni agizo moja.

Kerneli pia lazima ikumbuke prosesa inayozimwa mfumo ukiwa unaendelea. Hesabu iliyobaki katika nakala yake isipohamishiwa kwenye jumla, matukio hayo yatapotea au bloku zilizoachiliwa hazitaonekana. Kwa hiyo `percpu_counter` huarifiwa prosesa inapozimwa na humwaga kilichobaki.

## Gharama na mipaka

Kumbukumbu. Namba ndogo ya `percpu_counter` ni baiti 4 kwa kila prosesa. Kwenye mashine ya prosesa 256 hiyo ni baiti 1,024 kwa kihesabio kimoja. Kwa mfumo wa faili mmoja si kitu. Kwa vitu milioni moja, kila kimoja kikiwa na kihesabio chake, ni takribani gigabaiti moja. Kwa sababu hiyo mbinu hii hufaa vitu vichache vinavyoguswa na wengi, si vitu vingi vinavyoguswa na wachache.

Kusoma. Kujumlisha nakala 256 huweza kumaanisha kuleta mistari 256 kutoka kache za wengine. Programu ya ufuatiliaji inayosoma takwimu mara nyingi kwa sekunde inaweza yenyewe kuwa chanzo cha msongamano.

Kuanzisha na kufuta. Kutenga nakala kwa kila prosesa huchukua muda. Kuanzia toleo la 6.2 la mwaka 2023, Linux huhesabu kumbukumbu inayotumiwa na kila mchakato kwa `percpu_counter`. Programu zenye nyuzi nyingi hufaidika, lakini michakato mifupi inayozaliwa na kufa kwa wingi hulipa gharama ya kutenga na kufuta vihesabio ambavyo haikuvihitaji.

Ugumu. Kihesabio cha kawaida hueleweka kwa mtazamo mmoja. Kilichogawanywa kina hali mbili au zaidi, kanuni za lini isomwe namba ipi, na makosa yanayotokea kwa nadra na ambayo ni vigumu kuyarudia katika majaribio. Kwa hiyo desturi ya wasanifu wa kerneli ni kupima kwanza na kugawanya baadaye, pale tu kipimo kinapoonyesha kwamba kihesabio hicho ndicho kikwazo.

Njia nyingine ni kubadilisha kinachoombwa. Wito wa `fstat` wa POSIX hurudisha taarifa zote za faili pamoja na idadi ya majina yake, hata kama programu ilitaka ukubwa tu. Watafiti wa sv6 walionyesha kwamba wito unaoruhusu programu kutaja taarifa inazotaka huiondolea kerneli ulazima wa kujumlisha hesabu ambayo haikuulizwa.

## Nje ya kerneli

Wazo hilohilo hutumika katika programu za kawaida. Lugha ya Java kuanzia toleo la 8 la mwaka 2014 ina darasa la `LongAdder`, lililoandikwa na Doug Lea. Huanza na namba moja, na huongeza seli nyingine pale tu nyuzi zinapoanza kugongana. Kwa hiyo programu isiyo na msongamano hailipi gharama ya kumbukumbu.

## Tazama pia

* Kerneli
* Kache ya prosesa
* Linux
* FreeBSD
* Mfumo wa faili
* Operesheni ya atomiki